Gavana Akishtaki kwa Jina Lake, Nani Amlipe Wakili?

SWALI: Wakili, gavana wetu amelishtaki gazeti moja pamoja na mwakilishi wadi mmoja kwa kudai kwamba zabuni ya dawa ilitolewa kwa upendeleo. Anasema wamemchafulia jina na anataka fidia ya mamilioni. Tumeambiwa mawakili wake wanalipwa na kaunti. Rafiki yangu anasema ni sawa, kwa kuwa aliyetukanwa ni gavana, si raia wa kawaida. Je, sheria inaruhusu? Na kwa nini tusiweke mpaka? Nasikia Afrika Kusini rais wao wa zamani aliamriwa kurudisha pesa za mawakili. (Mwalimu mstaafu, Pwani ya Kenya)

JIBU: Mwalimu, nianze na rafiki yako, kwa sababu hoja yake huwapoteza wengi, mawakili wakiwamo. Ni kweli gazeti lisingemwandika asingekuwa gavana. Lakini tafuta nakala ya hati ya madai, ruka kurasa zote za malalamiko, usome ukurasa wa mwisho, pale mdai anapotaja anachoiomba mahakama. Akishinda, fidia atalipwa nani? Haiingii katika hazina ya kaunti. Inaingia katika akaunti yake, na itabaki yake hata akibwagwa kwenye uchaguzi ujao. Chumo likiwa lake, gharama nayo ni yake. Huo ndio mpaka ninaoutetea, na nadhani utaona unafaa zaidi kuliko mipaka mingine inayopendekezwa, kama vile kuweka kiwango cha juu cha ada au kuangalia tu nani kamshtaki nani.

Kwa sheria ya Kenya ilivyo leo, jibu langu ni kwamba malipo ya namna hiyo hayana msingi. Ila sheria haijasema hivyo kwa maneno makavu. Katiba ya 2010 haina kifungu kinachotaja kesi za kashfa za magavana. Kuna kanuni pana. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zitumike kwa busara na kwa kuwajibika. Kifungu cha 75 kinamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma. Na cha 226(5), ambacho natamani kila mlipa kodi angekijua, kinasema mwenye wadhifa wa umma, hata wa kisiasa, akiagiza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, hasara ni juu yake na ataifidia, awe bado ofisini au ameshaondoka. Kisha kuna Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya mwaka 2020, inayomfanya mwanasheria huyo mshauri mkuu wa kisheria wa serikali ya kaunti. Wa serikali, Mwalimu, si wa mtu anayeiongoza.

Ukiziunganisha zote hupati mahali pa kumlipia gavana kesi ya kudai fidia yake mwenyewe. Lakini hupati pia mahali palipoandikwa "marufuku", na katika ofisi za fedha ukimya husomwa kama ruhusa. Ankara ikifika mezani imeandikwa "kesi ya Mheshimiwa Gavana", afisa gani wa hesabu ataishika mkononi na kuuliza ni Mheshimiwa yupi, wa ofisi au wa nyumbani kwake?

Watetezi wakibanwa hapo huhamia hoja nyingine: kwamba habari ile imeipaka matope kaunti nzima, hivyo kaunti inajitetea. Hoja hii ilikwisha kuamuliwa Uingereza mwaka 1993, katika kesi ya Baraza la Derbyshire dhidi ya kampuni ya magazeti ya Times. Baraza lilikuwa limeandikwa vibaya kuhusu uwekezaji wa fedha za pensheni, likafungua kesi ya kashfa. Majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa huko wakati huo, walikataa katakata. Chombo kilichochaguliwa na wananchi, walisema, lazima kiwe wazi kwa ukosoaji, na kukipa haki ya kushtaki kwa kashfa ni kuwatisha wanaotaka kusema. Mwanachama mmoja mmoja wa baraza, kama jina lake limeguswa, anaweza kushtaki kwa nafsi yake. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, ila husomwa kwa uzito. Ukiufuata, gavana wenu hana pa kusimama: kama lililochafuliwa ni jina la kaunti, kaunti haina kesi, kama ni jina lake, kesi anayo, na bili pia anayo.

Waingereza hawakuishia kwenye hukumu. Mwaka 2004 walitoa amri ya kisheria kuhusu kuwakinga kifedha madiwani na watumishi wa mabaraza. Amri hiyo inaruhusu baraza kumgharamia mtu wake anaposhtakiwa kwa kashfa kutokana na kazi, lakini inakataza kumgharamia anapoanzisha yeye kesi ya kashfa. Wales nao wakaweka yao mwaka 2006. Ikaja kujaribiwa katika Baraza la Carmarthenshire, ambako mwanablogu alimshtaki mtendaji mkuu wa baraza, na mtendaji huyo akafungua madai yake ndani ya kesi hiyo hiyo kwa kinga ya fedha za baraza. Mwaka 2013 alishinda na kupewa fidia ya pauni 25,000. Mwaka uliofuata mkaguzi wa hesabu akasema kinga ile ilitolewa kinyume cha sheria. Kushinda kwake mahakamani hakukuifanya pesa ya baraza iwe imetumika kihalali. Ni maswali mawili, na gavana wenu akija kusema "lakini nilishinda", mkumbusheni kwamba mlikuwa mnauliza la pili.

Sasa Afrika Kusini. Ulichosikia ni kweli, ila watu huchanganya mambo mawili, na lile lisilotajwa sana ndilo linalofanana na la kwenu.

La kwanza ndilo la pesa nyingi. Jacob Zuma alifutwa unaibu wa rais mwaka 2005, akaandamwa na mashtaka ya rushwa yaliyotokana na ununuzi mkubwa wa silaha. Mwaka 2006 ofisi ya rais ilikubali kwamba serikali iwalipe mawakili wake, naye akaahidi kurudisha iwapo atatiwa hatiani. Malipo yakaendelea, hata alipoingia Ikulu yeye mwenyewe mwaka 2009. Vyama vya upinzani, DA na EFF, vikaenda kortini. Desemba 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria ikasema malipo yale hayakuwa halali, na Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikakubaliana nayo. Sababu zao hazikuwa ngumu kufuata: aliyoshtakiwa nayo hayakuwa kazi ya ofisi ya umma, na sheria ya mawakili wa serikali haikutoa mamlaka ya kumkodia mtu binafsi mawakili wa nje kwa pesa za umma. Oktoba 2025 mahakama ya Pretoria ikamwamuru alipe karibu randi milioni 29 pamoja na riba.

Tazama miaka hiyo. Makubaliano yalifanywa 2006, na amri yenye kiasi kamili imekuja 2025. Katikati hapo marais wamebadilika, ada za mawakili wa pande zote zimeongezeka, na kila hatua ya kudai pesa za umma imegharimiwa na pesa za umma. Ndiyo maana siamini katika mpaka unaofanya kazi baada ya malipo. Ahadi ya kurudisha isiyo na dhamana ni karatasi tu.

La pili ni la kesi alizofungua Zuma mwenyewe akiwa rais. Oktoba 2016 aliyekuwa Mlinzi wa Umma, yaani afisa anayechunguza maovu serikalini, Thuli Madonsela, alikuwa anakaribia kutoa ripoti kuhusu ushawishi wa familia ya wafanyabiashara ya Gupta ndani ya serikali. Rais akakimbilia mahakamani kuizuia. Tarehe 2 Novemba akaiondoa kesi, na ripoti ikatoka. Baadaye akafungua kesi nyingine, akitaka hatua iliyoagizwa na ripoti ibatilishwe, yaani kuundwa kwa tume ya uchunguzi ambayo jaji wake atateuliwa na Jaji Mkuu badala ya rais. Tarehe 13 Desemba 2017 Mahakama Kuu ilimtwisha gharama za kesi zote mbili binafsi, kutoka mfukoni mwake.

Huo ndio uamuzi ninaotaka uupeleke kwa rafiki yako. Zuma hakwenda kama raia. Alikwenda kama Rais wa Jamhuri. Majaji hawakuridhika na cheo kilichoandikwa juu ya faili. Walitazama nani hasa alikuwa anachunguzwa, na mchunguzwa alikuwa yeye. Cheo hakikumfunika.

Kuna kisa kingine, cha Australia Magharibi, nakitaja kwa ufupi kwa kuwa kinaonyesha kwamba hata serikali isiyo na harufu ya rushwa huingia mtego huu. Bilionea Clive Palmer na kiongozi wa serikali ya jimbo, Mark McGowan, walirushiana maneno mwaka 2020 wakati wa kufunga mipaka kwa ajili ya Uviko. Palmer akashtaki kwa kashfa, McGowan akajibu kwa madai yake ya kashfa. Agosti 2022 jaji aliwaona wote wamekosewa kidogo: Palmer akapewa dola 5,000, McGowan 20,000. Kisha jaji akalalamika, na sina budi kukubaliana naye, kwamba walipa kodi wa jimbo wametoa pesa nyingi na mahakama imepoteza muda uliohitajika na watu wenye shida za kweli.

Sasa nikitetea mpaka huu sitaki ueleweke kwamba kiongozi aliyechaguliwa asiende mahakamani kabisa kwa pesa za umma. Hapo tutajiumiza. Mwaka 2019 Seneti na Bunge la Taifa walipokwama kuhusu mgao wa mapato, serikali za kaunti na Baraza la Magavana walikwenda Mahakama ya Juu, na maoni ya mahakama yakatoka Mei 2020. Gavana aliyekuwa kwenye kesi ile hakuwa anadai chake. Pesa zilizokuwa zinagombewa zilikuwa za zahanati na barabara za vijijini, na gavana angetoka ofisini kesho yake, kesi ingeendelea na mrithi wake bila kubadilika neno. Hicho ni kipimo kizuri cha pili: mwondoe mtu kiakili, umweke mwingine kwenye kiti. Kesi ikibaki na maana, ni ya ofisi. Ikianguka, ilikuwa yake.

Kipimo hicho kinatatiza mahali pamoja, nako ni kwenye kesi za kung'olewa madarakani. Tangu Martin Wambora wa Embu alipokuwa gavana wa kwanza kuondolewa, mwaka 2014, akaenda mahakamani na kushinda, kisha akaondolewa tena na kurudi tena mahakamani, njia hiyo imekanyagwa na wengi. Gavana anayepinga kung'olewa anapigania kiti chake, lakini pia anapigania utaratibu: je, bunge la kaunti lilimpa nafasi ya kujitetea, je, wananchi walishirikishwa? Hayo yana faida kwa umma. Kinachonikera ni sura ya kifedha. Bunge la kaunti linalipa mawakili wake kutoka mfuko wa kaunti. Gavana naye akilipiwa kutoka mfuko huo huo, kaunti inapigana na kaunti na mawakili wa pande zote mbili wanakula hapo hapo. Mimi ningemtaka gavana aanze kwa pesa zake, na akishinda, mahakama iamue kama arudishiwe gharama za kiasi. Najua wenzangu wengi wa taaluma hawalipendi hilo. Wanasema bunge lenye chuki litamfilisi mtu asiye na kosa. Hatari ipo, ndiyo maana nimesema arudishiwe.

Wapo watakaosema kwamba mtu na ofisi hawatenganiki. Wanatenganika, na sheria zetu huwatenganisha kila siku inapomfaa kiongozi. Kifungu cha 143 cha Katiba ya Kenya kinamkinga rais dhidi ya kesi za madai kwa yale anayofanya katika kutekeleza mamlaka yake, si kwa kila afanyalo duniani. Tanzania, Ibara ya 46 ya Katiba inaruhusu rais kushtakiwa kwa madai juu ya mambo aliyoyafanya yeye binafsi kama raia, ila apewe notisi ya siku 30 kwanza. Ikiwa tunaweza kumpambanua mtu na cheo anaposhtakiwa, tushindwe vipi anaposhtaki?

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni hili: tukifunga mfuko wa umma, viongozi matajiri wataendelea kushtaki na wasio na kitu watanyamaza wakitukanwa. Kwanza, mwananchi aliyetukanwa na kiongozi naye hana mfuko wa umma, na hakuna anayemlilia. Pili, na hili ni zito, mfuko wa umma ukifungwa hufunguka mfuko wa marafiki. Mwaka 2021 Christian Porter, waziri katika serikali ya Australia, alilishtaki shirika la utangazaji la ABC kwa kashfa, kisha akaiacha kesi. Ikabainika kwamba sehemu ya ada za mawakili wake ililipwa na mfuko wa amana ambao wachangiaji wake yeye mwenyewe alisema hawajui. Septemba mwaka huo akajiuzulu uwaziri. Fikiria hilo likitokea kwenye kaunti yenye zabuni za mamilioni: mkandarasi anamlipia gavana wakili, gavana anatia saini mkataba. Kwa hiyo marufuku ya pesa za umma bila kulazimisha kutangaza nani amelipa ni kazi nusu. Kifungu cha 76 cha Katiba na Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 vinagusa zawadi kwa maafisa wa serikali. Mchango wa ada ya wakili utajwe humo kwa jina.

Kwa hiyo ungeniuliza sheria iandikwe vipi, ningeanza na sentensi moja fupi: fedha za umma zisitumike katika kesi iliyofunguliwa na rais, naibu wake, gavana, mbunge, seneta au mwakilishi wadi ambamo nafuu inayoombwa ni ya kwake binafsi, madai ya kashfa yakiwa ya kwanza. Kwa kesi za ofisi, malipo yasitoke mpaka kuwe na maoni ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu au Mwanasheria wa Kaunti yanayoeleza ofisi inadai nini, na makubaliano ya ada yatangazwe. Mdhibiti wa Bajeti tayari ana nguvu chini ya Kifungu cha 228 ya kukataa kuidhinisha pesa zitoke ikiwa hajaridhika kwamba sheria inaruhusu. Apewe orodha ya kesi hizo kabla, si baada. Kujitetea kiongozi anaposhtakiwa kwa jambo la kazi ningependa kuruhusiwe, kwa sababu asiyelindwa ataogopa hata kumfuta kazi mwizi.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufika mwisho. Ripoti zake hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na humo ndimo utaona vifungu vya ada za kisheria na madeni ya mawakili. Zisome, lakini jua kwamba unasoma pesa zilizokwisha kwenda.

Mwisho, la kufanya wewe sasa, maana sheria mpya haitungwi wiki hii. Umeandika "tumeambiwa". Usiibebe hivyo hivyo barazani, usije nawe ukapata hati ya madai. Thibitisha. Nenda masijala ya mahakama uombe kuangalia faili, unakili namba ya kesi, jina la mdai lilivyoandikwa, jina la kampuni ya mawakili, na ile nafuu ya ukurasa wa mwisho. Kisha andika ombi kwa kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Uliza mambo matatu tu: kama kampuni hiyo imelipwa au inaidai kaunti pesa zozote kwa kesi namba fulani, nani aliidhinisha na kwa maoni gani ya kisheria, na makubaliano ya ada yanasemaje. Usiulize "kwa nini mnatuibia", maana swali hilo linajibiwa kwa kukasirika tu. Sheria hiyo inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na haikulazimishi ueleze sababu ya kutaka habari. Wana siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya au wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman.

Jibu likija kwamba kweli wamelipa, una njia mbili. Unaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, ingawa kwa kuwa mwakilishi wadi mmoja ni mshtakiwa, kutakuwa na siasa. Au unaweza kwenda Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 258, kinachompa kila mtu haki ya kushtaki kwamba Katiba imevunjwa, na kuomba Kifungu cha 226(5) kitumike, gavana arudishe. Ukifika hapo niandikie tena, na uje na nakala za risiti.